Kabla ya kuomba uwanja, jueni uwanja ni wa nani

Tangu Tanzania, Kenya na Uganda zipewe uenyeji wa AFCON 2027, barua zinazofika kwenye dawati la michezo la halmashauri zimebadilika sura. Zamani vijana waliomba mipira miwili na nyavu, siku hizi wanaomba uwanja. Hamu hiyo tunaipokea kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba barua nyingi haziwezi kupata jibu zaidi ya "tumepokea".

Kikwazo cha kwanza ni umiliki. CCM Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Mkwakwani wa Tanga na Majimaji wa Songea ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Halmashauri haiwezi kupeleka fedha za umma kwenye uwanja usio wake kwa kuwa tu mashabiki wamepiga simu redioni. Lazima kwanza yawepo makubaliano ya maandishi na mwenye mali. Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza ni vya halmashauri, kwa hiyo habari yake ni nyingine.

Viwanja vya mitaani ndivyo vinavyotuumiza kichwa. Kuna kimoja nilikwenda kukikagua: magoli ya mirunda, njia ya miguu imekata kutoka kibendera cha kona hadi kwenye boksi, na bodaboda inapita mechi ikiendelea. Wazee wakaniambia pamechezewa mpira tangu wao wakiwa watoto. Tulipofungua mchoro wa mipango miji, eneo lote lilikuwa limetengwa kwa ajili ya shule. Kucheza mahali miaka 40 si hati. Anzeni na mkutano wa mtaa, mukhtasari usainiwe, uende kwa mtendaji wa kata, kisha afisa mipango miji athibitishe matumizi ya ardhi. Hapo ndipo ombi la uwanja linapoanza kuwa ombi.

Suala la pili ni usajili. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na klabu inayotaka kutambuliwa husajiliwa na Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo. Jalada huanzia kwa afisa michezo wa wilaya: katiba, mukhtasari wa kikao cha wanachama, orodha yao na saini. Ninaomba kwa heshima zote, isomeni katiba kabla ya kuileta. Nimewahi kupokea katiba ya klabu ya ngumi yenye kifungu cha usafi wa bwawa la kuogelea. Nimepokea pia orodha ya wanachama 30 waliosaini kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Hilo la pili si la kuchekea. Kughushi nyaraka ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Msajili naye ana mamlaka ya kukataa usajili, kuusimamisha au kuufuta. Timu inayokwenda nje ya nchi inahitaji kibali cha Baraza, na ikirudi inatakiwa kuwasilisha taarifa.

Kuhusu fedha, kuna maneno mengi vijiweni. Mfuko wa Maendeleo ya Michezo umetengewa asilimia 5 ya kodi inayotokana na ubashiri wa michezo, lakini mzigo wake mkubwa ni maandalizi ya timu za taifa. "Goli la Mama", ile zawadi ya Rais Samia kwa magoli, lilianza mwaka 2023 kwa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF. Bonanza la kata halimo, hata mkifunga kumi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni mkopo wa kikundi chenye mradi wa kuzalisha, na unarejeshwa. Jezi hazizalishi.

Msamaha wa VAT kwenye nyasi bandia ulianza mwaka 2021 kwa viwanja vya mpira vya majiji, kwa idhini ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF). Idhini inatangulia, msiagize mzigo kwanza halafu mje kuitafuta kontena likiwa bandarini. Na ndugu aliyeuliza kama msamaha huo unafika hadi bustani ya baa yake, jibu ni hapana.

Wachezaji wenyewe njia yao ni fupi kuliko watu wanavyodhani: mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari. Mzazi anayemzuia mtoto kwenda kambi ya mkoa, kisha anakuja ofisini kulalamika kuwa vipaji havionekani, anatupa kazi ngumu. Walimu wanaotaka ukocha wa kusomea waulize Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba.

Mkileta jalada, njooni na nakala mbili. Jina la klabu kwenye muhuri liwe lilelile la kwenye katiba, herufi kwa herufi. Wiki hii pekee nimerudisha matatu kwa sababu hiyo.