Ardhi ikiachana, milima nayo huinuka

Wanafunzi huniuliza swali hili kila mara: kama mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake vinavyosogea, yanaachana, milima inatoka wapi? Wamezoea Himalaya. Huko bamba la Uhindi lilianza kugongana na lile la Ulaya na Asia takribani miaka milioni 50 iliyopita, ganda la dunia likakunjamana na kurundikana hadi mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari yakafika kileleni mwa Everest. Maelezo hayo ni sahihi. Tatizo ni kwamba kila wakiona mlima, wanatafuta mgongano.

Mimi huwaelekeza kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambako mabamba ya Nubia na Somalia yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ganda likivutwa huwa jembamba, kisha hukatika kwa nyufa za mshazari. Kipande cha kati huteleza chini, na hilo ndilo bonde. Lakini tazama kingo. Zimetuliwa uzito wa kipande kilichokuwa kimezilalia, na kwa kuwa ganda huelea juu ya miamba mizito ya moto inayosogea polepole mno, kingo hizo hupanda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Rwenzori. Milima hiyo ina kimo cha mita 5,109, ina barafu, na wengi hudhani ni volkeno kama Kilimanjaro. Wala! Ni pande la miamba ya kale lililokatwa na nyufa na kuinuliwa ndani ya ufa unaopanuka. Kusini zaidi, tawi hilohilo la magharibi la Bonde la Ufa limezaa Ziwa Tanganyika. Uso wa maji uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Toa hesabu: sakafu ya ziwa iko kama mita 700 chini ya usawa wa bahari, na hapo bado hujagusa mwamba, maana umefunikwa na mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa.

Volkeno je? Ganda likiwa jembamba, miamba ya moto hupanda, shinikizo hupungua, na sehemu yake huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. (Andes ni habari nyingine: bamba la bahari huzama chini ya bara likiwa na maji, na maji hayo ndiyo huirahisishia miamba kuyeyuka.)

Zile milimita chache zisikudanganye; ni wastani tu. Septemba 2005, huko Afar nchini Ethiopia, magma (miamba iliyoyeyuka) ilijipenyeza ardhini karibu na volkeno ya Dabbahu, katika ufa wa kilomita 60 hivi. Ndani ya wiki chache ardhi ilipanuka, mahali pengine hadi mita 8. Mvutano uliojilimbikiza kwa karne kadhaa ulifunguka kwa mkupuo mmoja.

Kaskazini mwa Afar kuna bonde la Danakil, ambalo sakafu yake iko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Kinachozuia Bahari ya Sham isimiminike humo ni miinuko iliyo kati yake na bonde. Zamani maji yaliwahi kuingia, yakakauka, na matabaka mazito ya chumvi yaliyobaki yangalipo mpaka leo.