Mfuko wa damu hauharibiki siku ya mwisho tu

Chembe nyekundu za damu huishi mwilini takribani siku 120. Zikishaingia mfukoni, uhai wake unategemea dawa iliyomo na baridi isiyokatika.

Mfuko wa mililita 450 hutoka kiwandani ukiwa na mililita 63 za CPDA-1, dawa ya kuhifadhi damu. Sitrati iliyomo huzuia damu isigande, sukari na adenini huzipa chembe nguvu, na damu hukaa hadi siku 35. Maabara ikiondoa plazma (majimaji ya damu) na kuongeza mililita 100 hivi za SAGM, dawa nyingine ya kuhifadhi chembe, chembe hufika siku 42. Manitoli ya SAGM ndiyo inayolinda utando wa chembe usipasuke mapema.

Siku hizo ni za friji ya benki ya damu, nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Joto likipanda, chembe humaliza sukari upesi, potasiamu huvuja, na bakteria wakiwamo huzaliana. Kugandisha ni kubaya zaidi: barafu hupasua chembe, na hemoglobini (kitu chekundu kilichomo ndani yake) iliyomwagika inaweza kuumiza figo za mgonjwa. Kwa hiyo friji ya nyumbani, inayoganda nyuma na kupata joto mlangoni, haifai hata kwa usiku mmoja. Wanaogandisha damu kwa miaka hutia kwanza gliseroli, kisha huiosha kabla ya kuitumia.

Tunasisitiza zaidi safari. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa au Mpwapwa, jua la Oktoba halisamehi. Sanduku la baridi libaki kati ya nyuzi 2 na 10, na vibarafu visigusane na mifuko. Weka kadibodi katikati.

Mfuko ukifika wodini, anza kumwongezea mgonjwa ndani ya dakika 30 na umalize ndani ya saa 4. Ukikaa nje zaidi ya dakika 30, usiurudishe kwenye friji kana kwamba haukutoka. Usiupashe kwa maji ya moto.

Kabla ya kuufungua, uninginize bila kuutikisa, utazame pale plazma inapokutana na chembe. Mpaka huo ukiwa na wekundu unaopanda juu, chembe zimepasuka. Rangi ya zambarau iliyokolea au nyeusi huashiria bakteria. Tazama pia mabonge, na ubonyeze taratibu kuona kama panavuja. Ukiona dalili yoyote kati ya hizi, usimwongezee mgonjwa. Rudisha mfuko maabara pamoja na fomu yake.