Mfuko wa Mahakama: fedha ya bati na kitasa hutoka wapi?

Mfuko wa Mahakama ni fungu la fedha za umma ambalo Mahakama hulipangia na kulisimamia yenyewe. Tanzania uliundwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011, na kwenye vitabu vya bajeti utaukuta kama Fungu 40. Afisa masuuli wake, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha hizo, ni Mtendaji Mkuu wa Mahakama, wala si jaji, ili anayeandika hukumu asishinde akipitia ankara za mafundi.

Fedha hizo, ambazo sehemu kubwa hupitishwa na Bunge, zina pande mbili. Kujenga jengo jipya huingia kwenye matumizi ya maendeleo. Ndiko uliko mkopo wa Benki ya Dunia uliojenga Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki, kama vya Morogoro, Arusha na Mwanza, ambako Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu zimo chini ya paa moja. Lakini kitasa, gata, balbu, kunyonya choo na dawa ya mchwa ni matumizi ya kawaida, tena yale yanayoitwa matumizi mengineyo, na humo vinagombea shilingi ileile na umeme, karatasi, mafuta ya gari na posho za safari.

Kwa maoni yangu, tatizo limelala hapo. Bunge kupitisha ni jambo moja, Hazina kutoa ni jingine. Fedha ikija pungufu, Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, lazima inunuliwe, ila ufa wa ukutani husubiri mwaka ujao wa fedha, na ujao tena. Wafadhili nao hupenda kukata utepe. Sijaona aliyekata utepe wa gata lililozibuliwa.

Ufa huo una gharama yake. Paa likivuja juu ya masijala, chumba cha kutunzia majalada, ya mahakama ya mwanzo, yanayolowa ni majalada. Jalada likiharibika, mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, umepotea, na anayekata rufaa anakuta mahakama ya juu haina cha kusoma. Hapo kumbukumbu zitafutwe upya, au kesi ianze mwanzo, huku mashahidi wengine wameshahama.

Majengo ya kuazima ni mtihani wa aina yake. Zipo mahakama za mwanzo zilizoendesha kesi kwenye chumba cha ofisi ya kata, na si rahisi kuhalalisha kwa mkaguzi fedha iliyowekwa kwenye paa la mwenyewe mwingine.

Kenya wamekwenda mbele kidogo. Ibara ya 173 ya Katiba ya 2010 inamtaka Msajili Mkuu apeleke makadirio moja kwa moja Bunge la Taifa, na yakiidhinishwa, fedha hulipwa moja kwa moja kwenye mfuko wa Mahakama. Hata hivyo sheria ya kuuendesha ilisubiri hadi 2016. Kwetu, Fungu 40 husomwa bungeni na Waziri wa Katiba na Sheria, yaani mtu wa Serikali, ilhali Serikali ni mdaawa, yaani anayeshtaki au kushtakiwa, katika kesi nyingi tu.

Kwa hiyo ukiketi kwenye benchi bovu huku dari limening'inia, usimnunie hakimu. Maswali ya jengo yana mwenyewe: Mtendaji wa Mahakama wa eneo hilo, ambaye hupeleka mahitaji juu kabla bajeti haijafungwa.