Je, wajua kwa nini mtu hupekua rundo la mitumba saa tatu nzima bila kuchoka?

Jumamosi moja nilikwenda Kisenyi, hapa Kampala, kutafuta washa ya gurudumu la baiskeli, kile kiduara cha chuma chenye tundu kinachokaa chini ya nati. Mzee fundi hakuwa na muda wa kunitafutia. Alilimwaga kopo lake la vyuma juu ya gunia, akaniambia, "Tafuta mwenyewe, mwanangu." Nikapekua. Nati zilizoliwa na kutu, misumari, skrubu zisizo na wenzao, na katikati yake kidude cha shaba chenye tundu, cheusi kwa grisi. Nilipokisugua kwenye suruali, upande mmoja zilitokea pembe za ndovu zikilizunguka tundu, neno EAST AFRICA na mwaka 1936. Nikakigeuza. Upande wa pili palikuwa na taji na jina EDWARDVS VIII.

Moyo ulinienda mbio. Nilifuata kitu cha shilingi mia chache, nikapata raha ambayo duka lenye vioo na kiyoyozi halijawahi kunipa. Kwa nini?

Nianze na kidude hicho, ambacho ni sarafu ya senti tano, maana nusu ya jibu imo humo. Edward VIII alitawala Uingereza siku 326 tu, kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akakiacha kiti cha enzi ili amwoe mwanamke Mmarekani aliyekwisha kuachika. Sarafu za Uingereza zenye sura yake zilikuwa bado zinaandaliwa, hivyo hazikuingia kwenye mzunguko. Zilizobaki ni za majaribio, chache mno. Mwaka 2020 moja ya dhahabu iliuzwa pauni milioni moja. Lakini senti zetu zilikuwa na tundu katikati, na penye tundu hapakai uso wa mfalme. Hapakuwa na picha ya kusubiri. Waliandika jina lake, wakazichonga, wakazileta Afrika Mashariki. Ndiyo maana mfalme ambaye Waingereza hawakuwahi kumtia mfukoni, bibi wa Jinja aliweza kununua naye chumvi. Na kwa kuwa zilichongwa kwa wingi, hazina bei kubwa hata leo. Hilo halikunipunguzia furaha hata chembe.

Sasa nusu ya pili, iliyo kichwani mwetu. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini. Wengi huiita kemikali ya raha, lakini kazi yake hasa iko karibu zaidi na matarajio. Mtafiti Wolfram Schultz alipopima seli za dopamini za nyani katika miaka ya 1990, aliona zinashtuka zaidi zawadi inapokuja bila kutegemewa. Nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, juisi yenyewe haizishtui tena. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaonyesha jambo lingine: wakati wa kungoja, baadhi ya mshughuliko wa seli hizo hupanda zaidi pale uwezekano wa kupata na wa kukosa unapolingana. Kabla yao, mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa ameona kwamba njiwa anayepewa punje bila mpango unaotabirika hudonoa na kudonoa bila kukata tamaa. Dukani unajua shati liko rafu gani na bei yake imebandikwa. Kwenye rundo hujui kitu, na kila nguo unayoinua ni swali jipya. Mkono unamaliza kuuliza, unaanza tena.

Soko la Owino, hapa Kampala, limejengwa juu ya swali hilo. Soko hilo lilianza mwaka 1971 pembeni ya uwanja wa Nakivubo, na jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ingawa sijawahi kumsikia kondakta wa teksi akilitaja hivyo. Vijana husimama juu ya meza wakiimba "londa, londa!", yaani chagua, chagua. Hata muuzaji mwenyewe anabahatisha. Hununua robota lililofungwa, kwa kawaida kilo 45, bila kuona kilichomo ndani, na siku ya kulikata kamba wateja wenye maduka hujazana tangu alfajiri kama kuku waliosikia mtama. Sisi wengine tunafika saa nne, tukiomba Mungu waliotangulia wawe hawajui kusoma.

Kusoma, ndiyo. Hapa ndipo mwindaji anapoachana na mcheza bahati nasibu, na kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wote. Lebo ikisema West Germany, kitu hicho kilitengenezwa kabla Ujerumani haijaungana mwaka 1990. Ikisema Czechoslovakia, ni cha kabla ya 1993, kwa sababu nchi hiyo haipo tena. Suruali ya Levi's ina kijitambaa chekundu mfukoni nyuma. Jina likiwa na E kubwa, LEVI'S, ni ya kabla ya 1971, na kuna watu Japani na Marekani wanaoilipia fedha za kununulia ng'ombe. Angalia cherehani za Singer zilizojaa kwenye baraza za mafundi wetu: namba iliyopigwa kwenye chuma chake hueleza ilitoka kiwanda gani na lini. Kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilifungwa mwaka 1980, na bado cherehani zake zinashona gomesi, vazi la heshima la akina mama wa Uganda. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina robo ya madini halisi ya fedha ndani yake. Ya 1948 na kuendelea haina, ni nikeli na shaba, ingawa simba na milima yake ni ile ile. Watu kumi wanapita, wa kumi na moja anainama. Ile methali ya mtaka cha mvunguni, Owino si methali. Ni maelekezo.

Kuna na raha nyingine ambayo naona haya kidogo kuikiri: kuchungulia maisha ya mtu. Nimekuta tiketi ya basi ya mji nisioujua, jina la mtoto limeshonwa kwenye ukosi, orodha ya kwenda sokoni kwa mwandiko wa mtu mzima. Rais Museveni alipotangaza Agosti 2023 kuzipiga marufuku nguo hizi, alisema ni za wazungu waliokufa. Wengi waliozitoa wako hai na kabati zao zimejaa tena. Lakini alichogusa ni cha kweli kwa namna yake: kitu cha mtumba kina mtu ndani. Mwingine atakipiga maji ya moto mara tatu kwa sababu hiyo hiyo inayonifanya mimi nikinunue.

Kwa anayetaka hazina ya juu kabisa ya Uganda, si nguo wala chuma. Ni karatasi. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alipiga stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta, moja moja, na thamani yake haikuandikwa kwa rupia bali kwa simbi, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika kama pesa, ambayo mia mbili yalikuwa sawa na rupia moja. Simbi ndizo zilizokipa Kiganda neno ensimbi, yaani pesa. Leo wakusanyaji huziita Uganda Cowries na kuzigombea kwenye minada. Nikiona Biblia kuukuu sokoni huwa natikisa kurasa zake. Bado.

Mpaka upo, lakini, na si mwembamba. Kitu cha kaburini, cha hekaluni au cha ukoo si cha kuokota. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalichukuliwa na kupelekwa Cambridge mwanzoni mwa karne iliyopita, yakarudi mwaka 1962. Mwaka 2024 vikarudi vitu vingine 39. Ukiona ngoma au fimbo ya aina hiyo mezani kwa mtu, uliza kwanza Jumba la Makumbusho pale Kira Road.

Yule mzee wa Kisenyi nilimweleza yote kuhusu Edward, kwa sababu kununua huku umenyamaza kunaniwasha. Alisikiliza akiwa ameshika spana, akacheka.

"Mfalme wa siku mia tatu? Basi lete elfu mbili."

Nikampa. Kisha akaniita niinamie baiskeli yake mwenyewe. Kwenye ekseli ya nyuma, chini ya nati, ilikuwepo senti nyingine yenye tundu, imekwanguka hadi mwaka hausomeki.

"Nayo hii, mzee wangu, utaniuzia?"

"Hapana," akasema. "Hii iko kazini."