Kifafa kisichosikia dawa: tunaanza kuchunguza wapi

Barua ya rufaa mara nyingi huja na maneno machache: "Kifafa, hakisikii dawa, anatumia mbili." Kishawishi ni kuongeza ya tatu. Sisi madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu tunarudi nyuma kwanza. Kiasi cha wagonjwa wawili kati ya watatu wa kifafa hutulia kwa dawa, hivyo mtu asipotulia lazima niulize: ni kifafa kweli? Ni cha aina gani? Dawa anayomeza inaifaa aina hiyo? Na dozi imefika?

Swali la kwanza halijibiwi na mashine. Linajibiwa na aliyeona. Mgonjwa hakumbuki kilichotokea, kwa hiyo kumwita peke yake chumbani na kumwacha mama au mke nje barazani ni kosa kubwa. Namuuliza shuhuda: alikuwa amesimama? Uso ulipauka au ulikuwa wa bluu? Macho yalikuwa wazi? Kichwa kiligeukia upande gani? Ilichukua muda gani hadi akakutambua tena?

Anayezimia kwa sababu damu haifiki vizuri kichwani huona giza kwanza, hutoka jasho, hupauka. Anaweza hata kurusharusha mikono kwa sekunde chache, na hapo ndipo watu hudanganyika, lakini akishalala chini fahamu hurudi upesi. Mwenye degedege la mwili mzima hukakamaa, kisha huruka kwa mdundo kwa dakika moja hadi tatu, macho wazi, pengine ameng'ata ulimi pembeni. Baadaye hubaki amechanganyikiwa, na misuli humuuma kesho yake. Lipo pia degedege la kisaikolojia: macho yamefumbwa kwa nguvu, kichwa kinakwenda huku na huku, linapungua na kupanda kwa muda mrefu. Huyu haigizi, na asiambiwe hivyo. Ni mgonjwa kweli, ila tiba yake ni mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, na vidonge vya kifafa vitampa madhara tu.

Ndiyo maana naomba video ya simu. Piga mwili mzima, uso uonekane, usikate hadi azinduke. Kabla ya kupiga, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Likivuka dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura: apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu kadiri linavyoendelea ndivyo dawa za kulizima zinavyozidi kushindwa.

Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kinakuja baada ya hapo. Elektrodi, yaani visahani vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo, hubandikwa kichwani kwa vipimo maalumu, mgonjwa huambiwa apumue kwa nguvu dakika 3, kisha huwashiwa taa ya kumetameta. Nywele ziwe zimeoshwa bila mafuta, la sivyo elektrodi hazishiki na mchoro hujaa mistari isiyotoka kwenye ubongo. Majibu safi hayafuti kifafa: wagonjwa wengi wenye kifafa cha kweli hawaonyeshi kitu kwenye kipimo cha kwanza. Tukirudia baada ya usiku wa usingizi mfupi, na tukamrekodi akisinzia, tunaona zaidi.

Sasa aina, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo huwa na dalili zake: kitu kinapanda kutoka tumboni, harufu ya kuungua ambayo hakuna mwingine anayeisikia, kisha mtu anakodoa macho, anatafuna midomo, anashikashika nguo. Kabamazepini inakifaa hiki vizuri. Mtu mzima huanza na miligramu 100 mara mbili kwa siku, huongezwa polepole kila wiki moja au mbili, na wengi hutulia kati ya 400 na 1200 kwa siku.

Lakini chukua kijana anayeanguka asubuhi, hasa baada ya kukesha. Muulize kama mikono humruka akiwa ameshaamka, mswaki ukamponyoka, chai ikamwagika. Wengi hawalitaji hilo wenyewe, wanadhani ni uzembe wao. Hiki ni kifafa cha ubongo mzima, na kabamazepini hukichochea. Mikono inaruka zaidi, daktari anaona ugonjwa umepanda, anaongeza dozi, nao unapanda tena. Anachohitaji ni kubadilishiwa dawa: valproeti au levetirasetamu. Kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba, naikwepa valproeti kila inapowezekana. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro ya viungo, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya ukuaji wa akili. Aliyeshika mimba tayari asiiache ghafla, kwani degedege kubwa laweza kumuua yeye na mtoto. Amwone daktari wake haraka.

Dozi nayo ina mitego. Fenitoini haipandi damuni kwa ngazi zinazolingana: ini likishalemewa, kutoka miligramu 300 kwenda 400 kunaweza kumfanya mtu ayumbe kama mlevi na kuona vitu viwili viwili. Hapo huongezwa 25 hadi 50 tu. Lamotrijini ni kinyume, inataka subira: 25 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 50 wiki mbili nyingine, na anayetumia valproeti pia huanza na 25 siku moja baada ya nyingine. Ukikimbiza, ngozi yaweza kubabuka vibaya. Upele wowote ni sababu ya kumwona daktari siku hiyohiyo. Rifampisini ya kifua kikuu huzishusha dawa kadhaa za kifafa damuni, na kabamazepini huvidhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango.

Dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa dozi kamili, zikishindwa, basi ndipo kifafa ni sugu, na uwezekano wa dawa ya tatu kukituliza ni mdogo. Hapo mgonjwa apelekwe kutathminiwa kwa upasuaji, asisubiri miaka. MRI, picha ya ubongo kwa sumaku, iombwe kwa vipande vyembamba vinavyokata hipokampasi, sehemu ndogo ya kumbukumbu iliyo ndani ya ubongo wa pembeni mwa kichwa, kwa sababu kovu la hapo hupita bila kuonekana kwenye picha za kawaida. Katika utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 80 wenye kifafa kinachoanzia kwenye ubongo huo wa pembeni waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa wakipata tena degedege la kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa peke yake. Aliyepasuliwa haachi vidonge siku anapotoka wodini. Anaendelea navyo, na kupunguza kunafanywa kidogo kidogo, dawa moja kwa wakati.