Mkono wa Roboti: Kutoka Kituo cha Anga hadi Chumba cha Upasuaji

Kazi yangu ni kutengeneza programu za kuongoza mikono ya roboti, na mtu akionyeshwa picha ya mkono wa namna hiyo ukisogeza chombo cha tani kadhaa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, swali la kwanza analoniuliza ni kuhusu nguvu zake. Swali hilo ni la kawaida, lakini linamtoa msomaji kwenye kiini cha jambo. Canadarm, mkono wa kwanza wa vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikienda angani na kurudi, uliundwa Kanada na kurushwa kwa mara ya kwanza Novemba 1981 ukiwa ndani ya chombo cha Columbia. Ulikuwa na urefu wa mita 15 na uzito wa kilo zipatazo 410, na hapa duniani mota zake hazikuweza kuuinua hata wenyewe. Thamani yake ilikuwa katika utulivu wa mwendo, yaani uwezo wa kufika mahali palipokusudiwa, kwa kasi iliyokusudiwa, na kutulia hapo bila kuyumba. Utulivu huo ndio uliowafanya wahandisi wa anga kuwa na jambo la kuwaambia madaktari wa upasuaji.

Ili kitu kiwekwe popote angani na kuelekezwa upande wowote, zinahitajika njia sita za kusogea: mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, pamoja na mizunguko mitatu. Canadarm ulikuwa na viungo sita, viwili begani, kimoja kwenye kiwiko na vitatu kwenye kifundo, hivyo ulitimiza hesabu hiyo barabara. Mrithi wake, Canadarm2, uliofungwa kwenye Kituo cha Anga mwaka 2001, una viungo saba. Faida ya kiungo hicho cha ziada unaweza kuiona hapo ulipoketi. Weka kiganja chako juu ya meza, kisha usikiondoe wala kukigeuza, na bega lako litulie. Utaona kwamba kiwiko bado kinaweza kupanda na kushuka. Mkono wako una njia nyingi za kufikia jambo moja, na ndivyo ulivyo mkono wenye viungo saba, ambao unaweza kukikwepesha kiwiko chake kisigonge paneli ya sola huku ncha yake ikiwa imetulia palepale. Kwa sisi tunaoandika programu, uhuru huo ni neema na mzigo kwa pamoja, kwa sababu kompyuta hulazimika kuchagua, tena mara nyingi ndani ya kila sekunde, umbo lipi kati ya maumbo yasiyo na idadi linafaa zaidi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mikono hii ni ncha yake. Badala ya vidole, Canadarm ulipewa silinda yenye uwazi, na ndani ya mdomo wake zimepita nyaya tatu za chuma zilizofungwa kwenye pete inayozunguka. Chombo kinachotakiwa kukamatwa kimewekewa pini inayojitokeza. Mwendeshaji anaileta silinda taratibu hadi pini iingie ndani, kisha pete inazunguka, nyaya zinaikaribia pini kutoka pande tatu na kuibana katikati, halafu utaratibu mwingine unaivuta ndani mpaka nyuso mbili zigusane na kushikana kwa uthabiti. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwendeshaji hahitaji kulenga pini kwa usahihi kamili, na kwamba pini imeshazungukwa kabla haijaguswa kwa nguvu. Angani, kitu kinachoelea ukikigusa vibaya hata mara moja, kinaondoka zake. Ni kwa njia hii kwamba Mei 2012 chombo cha Dragon, ambacho hakikuwa na mtu ndani, kilidakwa na Canadarm2 kilipokuwa kikielea karibu na Kituo.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa vitu angani havina uzito, kuvisukuma ni kazi rahisi. Uzito haupo, lakini tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, lipo lote, na inesha yake pia, yaani ule ukaidi wa kitu kubadilishwa mwendo. Chukua mzigo wa tani 100 unaokwenda kwa sentimita 2 tu kwa sekunde. Ukitaka kuusimamisha ndani ya umbali wa sentimita 2, unahitaji nguvu ya takriban nyutoni 1,000, sawa na uzito wa mtu wa kilo 100 aliyening'inia kwenye ncha ya mkono wenye urefu wa mita 17, kama Canadarm2. Nguvu yote hiyo inakwenda kuupinda mkono na kulielemea bega. Kwa hiyo Canadarm, ambao ukiwa mtupu uliweza kwenda sentimita 60 kwa sekunde, ulipobeba mzigo mzito haukuruhusiwa kuzidi sentimita 6. Mkono mrefu na mwembamba ukisimamishwa ghafla huendelea kutikisika kwa muda, na mwendeshaji hana budi kusubiri utulie ndipo atoe amri nyingine. Subira hiyo imeingizwa katika ratiba za kazi za wanaanga.

Mwaka 2001 au karibu na hapo, kampuni ya Kanada iliyokuwa ikihusika na mikono hiyo, MDA, ilianza kushirikiana na Dkt. Garnette Sutherland, bingwa wa upasuaji wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Calgary. Haja yake ilikuwa mkono utakaofanya kazi ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia smaku, ili daktari aweze kuona ubongo jinsi ulivyo wakati huohuo na si jinsi ulivyokuwa kwenye picha za jana, kwa maana ubongo hujongea pindi fuvu linapofunguliwa. Smaku ya mashine hiyo ina nguvu kiasi kwamba chuma cha kawaida hakiingii na mota za kawaida hazifai. Mkono uliotokana na ushirikiano huo, neuroArm, ukatengenezwa kwa titani na plastiki ngumu, ukaendeshwa na mota zinazotumia fuwele zinazotetemeka zinapopitishiwa umeme. Mwaka 2008 ulitumika kuondoa uvimbe kwenye ubongo wa mgonjwa, ukiongozwa na daktari aliyekuwa ameketi mbele ya skrini akishika vishikio vilivyomrudishia mkononi hisia ya kile ambacho kifaa kinagusa.

Mifumo ya roboti za upasuaji iliyoenea zaidi hospitalini, ukiwemo da Vinci ulioidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa upasuaji wa matundu madogo, ina tatizo ambalo mkono wa anga hauna. Kifaa kinapita kwenye tundu dogo la ukuta wa tumbo, na mahali hapo hapatakiwi kuvutwa huku na huku. Kwa hiyo mkono mzima wa nje lazima uzunguke kwa namna ambayo nukta moja, ile iliyo kwenye tundu, inabaki imetulia. Katika upasuaji wa matundu wa kawaida, daktari akipeleka mkono kushoto, ncha ya kifaa inakwenda kulia. Kompyuta huondoa mgeuko huo, hupunguza mwendo ili sentimita ya mkono iwe milimita chache za kifaa, na huchuja mtetemo wa asili wa mkono wa binadamu, ambao huja mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Haifanyi uamuzi wowote wa kitabibu. Kila mkato ni wa daktari, na ndiyo maana nawashauri wagonjwa waulize daktari wao amefanya upasuaji huo mara ngapi kabla hawajauliza hospitali ina mashine gani.

Tarehe 7 Septemba 2001, Profesa Jacques Marescaux, akiwa New York, alimwondoa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kifuko cha nyongo. Amri zake na picha zilizorudi zilipita kwenye mkongo wa mawasiliano, na ucheleweshaji wa kwenda na kurudi ulikuwa milisekunde 155 hivi. Setelaiti za kilomita 36,000 juu ya ikweta zisingefaa, kwani amri kupanda na kushuka, kisha picha kupanda na kushuka, ni safari ya kilomita 144,000, ambayo hata nuru huimaliza kwa karibu nusu sekunde. Taasisi aliyoiasisi Marescaux, IRCAD, ina kituo Kigali kilichozinduliwa mwaka 2023, ambako madaktari wa Afrika hufundishwa upasuaji wa matundu madogo. Naliona jambo hilo kuwa na uzito kuliko rekodi ya ule upasuaji wenyewe.

Februari 2024, madaktari wakiwa Lincoln, Nebraska, waliongoza roboti ndogo iitwayo spaceMIRA ndani ya Kituo cha Anga, ikakata rababendi zilizowekwa badala ya tishu za mwili. Ucheleweshaji ulikuwa kati ya nusu na robo tatu ya sekunde. Kwa mwendo huo, daktari akiona damu tayari amechelewa, na analazimika kukata kidogo, kusimama, kutazama, kisha kuendelea, sawasawa na mwendeshaji wa Canadarm anayesubiri mkono utulie. Kwa Mirihi, ambako ishara huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda upande mmoja, mbinu hiyo haipo tena.

Huko, mkono utalazimika kufanya baadhi ya kazi wenyewe. Ugumu uko kwenye tishu laini, ambazo hunyumbuka zinapovutwa, hubadilika umbo zinapokatwa na hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitangaza kwamba roboti yao, STAR, imeunganisha ncha mbili za utumbo kwa kushona kupitia matundu madogo, huku kamera yake ikiufuatilia utumbo ukisogea na pumzi na kompyuta ikichagua wakati wa kupitisha sindano. Wagonjwa walikuwa nguruwe, na binadamu alikuwa pembeni akiuidhinisha mpango wa mishono kabla haujatekelezwa.