Je, wajua kwa nini muuza dawa hutajirika kuliko muua mazimwi?

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika gemu za mtandaoni kama World of Warcraft, RuneScape au EVE Online huwa na wazo moja kuhusu fedha: nikiua mazimwi mengi, nitapata dhahabu nyingi. Kwa hesabu ya siku moja yuko sawa. Lakini ukiwachunguza matajiri wa seva (kompyuta inayoendesha dunia ya gemu) iliyodumu miaka kadhaa, mara nyingi utawakuta sokoni. Wananunua mitishamba, wanachanganya dawa, wanauza, wanasubiri bei. Upanga wao unaweza kukaa wiki nzima haujachomolewa. Imekuwaje?

Jibu liko kwenye chimbuko la fedha yenyewe. Zimwi likifa na kudondosha sarafu 10, sarafu hizo hazikuwa za mtu. Seva imeziumba papo hapo. Hakuna hazina iliyopungua wala mgodi uliochimbwa. Kazi ambayo katika nchi hufanywa na benki kuu, ya kutoa fedha mpya, humo ndani inafanywa na kila mwindaji aliye porini, usiku na mchana. Ukimuuzia mwenzako chupa ya dawa kwa sarafu 10, hakuna kilichozaliwa. Sarafu zimehama mfuko, basi.

Sasa fikiria fedha mpya zikimiminika kila saa ilhali bidhaa nzuri ni zile zile chache. Wenye fedha hushindana, na bei hupanda. Anayeumia ni mwindaji, kwa sababu kiasi anachodondosha mbwamwitu kimeandikwa na watengenezaji ndani ya programu, na kinaweza kukaa miaka bila kuguswa. Bei ya mtishamba, kinyume chake, hupangwa na wachezaji wenyewe, kwa hiyo inapanda kila fedha zinapoongezeka. Mwindaji yuko kwenye mshahara usiopanda katika soko linalopanda. Kwangu mimi, kulielewa hili kuna faida kuliko kukariri orodha yoyote ya mapango yenye dhahabu. Anayelielewa huacha kuuliza zimwi gani linalipa zaidi, akaanza kuuliza: hawa wanaoua mazimwi wanahitaji nini, na wanakihitaji lini?

Watengenezaji nao walijifunza kwa taabu. Ultima Online, iliyotoka mwaka 1997, ilianza na mpango wa kuvutia: mali ya dunia ile iwe na kiasi maalumu, kinachotumika kirudi kwenye mzunguko kisha kizaliwe upya. Wachezaji wakaharibu hesabu kwa kufanya jambo la kawaida kabisa la kibinadamu, yaani kulimbikiza. Walijaza nyumba na masanduku yao vitu ambavyo hawakuwa na haja navyo, mali ikakwama humo, na dunia ikaishiwa. Mpango ukaachwa. Tangu hapo gemu nyingi za aina hii hufuata njia nyingine: fungua bomba la fedha, kisha tafuta namna ya kuchimba mifereji ya kuzitoa.

Mifereji hiyo ndiyo gharama zinazomuudhi kila mchezaji. Kukarabati silaha, nauli ya kusafiri, ada ya mnada. Katika World of Warcraft, mnada hukata asilimia 5 ya mauzo, na fedha hizo haziendi kwa mtu, zinafutika. Mwaka 2008 gemu hiyo ilileta tembo mkubwa wa manyoya wa kupanda, anayebeba wachuuzi mgongoni, kwa bei ya dhahabu 20,000. Wengi walimwona ni anasa tupu, lakini kila aliyemnunua aliiondoa dhahabu hiyo duniani moja kwa moja. Old School RuneScape ilianzisha kodi ya asilimia 1 kwenye soko lake mwishoni mwa mwaka 2021, na sehemu ya makusanyo ikatumika kununua vifaa kutoka kwa wachezaji na kuviteketeza, ili navyo visijae hadi vikose thamani.

EVE Online, ya kampuni ya CCP ya Iceland, ndiyo inayoonyesha mambo haya waziwazi kuliko zote. Ilianza mwaka 2003, na kufikia 2007 kampuni ilikuwa imemwajiri mtaalamu wa uchumi, Eyjólfur Guðmundsson, aufuatilie uchumi wa humo. Karibu kila meli ya angani hujengwa na wachezaji, na ikilipuliwa imekwenda, hairudi. Kwa hiyo vita havikaushi soko, vinalilisha: mali inateketea, fedha za kununulia nyingine bado zipo. Rubani anayewinda maharamia wanaoendeshwa na kompyuta hulipwa zawadi, nayo ni fedha mpya. Mfanyabiashara hununua bidhaa katika soko kuu la Jita, akazipeleka pembezoni mwa anga kwa bei ya juu. Anacholipwa ni kuthubutu kupita njia ambayo wateja wake wanaiogopa.

Mahali pengine kinacholipwa ni muda. Makundi yanayokwenda kupambana na majoka makubwa hukusanyika jioni fulani za wiki, nayo hutaka dawa na vyakula vya nguvu kabla ya kuingia. Jioni hizo bei huchangamka, na siku zilizobaki hulala. Mwenye subira hununua soko likilala. Sasisho kubwa la gemu likitangazwa, malighafi ambayo jana haikuwa na mwenyewe huweza kugombaniwa, na tangazo hilo husomwa na yeyote anayetaka.

Fedha hizi zikishakuwa na thamani kwa watu, hazikai ndani ya skrini. Mwanauchumi Edward Castronova alipoichunguza gemu ya EverQuest mwaka 2001, alikadiria kuwa kazi ya saa moja humo ilikuwa na thamani ya takriban dola 3.42 za Marekani. Biashara ya kuuza dhahabu kwa fedha halisi ilisambaa, ikaleta programu zinazowinda zenyewe bila mtu, yaani bomba lisilolala. RuneScape ilibana biashara huru kati ya wachezaji mwishoni mwa 2007 ili kuizima, ikairudisha 2011. World of Warcraft mwaka 2015 ilichagua njia ya busara zaidi: mchezaji hununua tokeni kwa fedha halisi, mchezaji mwingine huinunua kwa dhahabu na kulipia muda wake wa kucheza. Dhahabu inahama tu, haizaliwi mpya.

Kuna wakati mmoja mwindaji ni mfalme: seva mpya inapofunguliwa. Kila mtu hana kitu, sarafu ni adimu, na muuza dawa hana wa kumuuzia. Wiki hizo za kwanza, ua mazimwi na ukamilishe kazi za wanakijiji bila kusita. Baadaye hamia kwenye mitishamba, madini na samaki, vitu ambavyo hata mgeni anaweza kukusanya na mafundi hawaachi kuvihitaji.

Ila piga hesabu vizuri. Wachezaji wengi huchuma majani ya thamani ya sarafu 60, wakatengeneza dawa wanayoiuza sarafu 50, wakashangilia faida kwa kuwa majani waliyapata bure. Hayakuwa bure. Wangeyauza yalivyo wangepata 60, na muda wa kutengeneza dawa wangeutumia kuchuma mengine. Kabla ya kuwasha chungu, tazama kwanza mnadani majani mabichi yanauzwaje leo.